Sayyid Said bin Sultan: Mfanyabiashara aliyeiona mikarafuu kabla haijazaa



Ndugu zetu Waislamu, tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa Mtumba mwaka 2019, familia nyingi hapa Dodoma zimekuwa zikijiuliza swali moja: mwenye akiba kidogo afungue biashara gani, na kwa ajili ya wateja gani ambao wengine hata hawajahamia? Swali hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni elimu, yaani kujua kilichopo. Upande wa pili ni kuona kwa akili kile ambacho bado hakijakuwepo. Leo tumtazame mtawala aliyehamisha makao yake makuu karibu miaka mia mbili iliyopita, akiwa na vyote viwili.

Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaidi alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804. Miaka miwili baadaye Said, akiwa bado kijana, alimuua jamaa yake Badr bin Saif aliyekuwa ameshika hatamu, na akatawala kwa nusu karne. Historia haikulificha jambo hilo, nasi hatuna haja ya kulifunika.

Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Wengi waliokuwa wamefika kabla yake waliona kisiwa chenye minazi na bandari nzuri. Yeye aliona makao makuu. Alijua kwamba kaskazi huvileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi huvirudisha. Alijua kuwa Unguja ina maji matamu na udongo wenye rutuba, vitu ambavyo Muskati ilivipata kwa shida. Kuanzia mwaka 1832 alianza kuhamishia shughuli zake huko, na kufikia mwaka 1840 makao yake yakawa Unguja.

Mikarafuu hakuileta yeye. Mbegu zake zilitoka katika visiwa vya Mascarene vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na anayetajwa kuzipanda mwanzo ni Saleh bin Haramil al-Abry, ambaye mashamba yake yaliishia mikononi mwa Sayyid Said. Elimu ya zao hilo, basi, ilikuwa ya mtu mwingine. Lililokuwa la Said ni kuitazama miche michache na kuona visiwa viwili vizima vikinukia karafuu. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mwenye kutazama hesabu ya mwaka mmoja tu hawezi kuupanda. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi.

Kwa lile asilolijua aliwatafuta wanaolijua. Forodha aliikodisha kwa Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch, aliyemlipa kiasi maalumu kila mwaka. Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani, ushuru ukiwa asilimia tano tu. Mwaka 1840 akaituma merikebu yake, Sultana, hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, pembe za ndovu na karafuu.

Matokeo ya mkataba huo yalifika mpaka huku kwetu. Nguo kutoka Marekani, ambayo watu wa pwani waliiita merikani, ilifungwa mitumba na kubebwa vichwani na mabegani, wapagazi wengi wakiwa Wanyamwezi, kutoka pwani kupitia Ugogo hadi Unyanyembe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo ya nguo na shanga kwa kila msafara uliotaka maji na kupita kwa amani. Wagogo nao, kwa hiyo, walikuwa na hesabu zao: walijua nyika hii ina visima vichache, na wakajua thamani ya kila kimoja.

Lakini mpango ule ulikuwa na doa, nalo si dogo. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, na soko la watumwa lilikuwa mjini Unguja kwenyewe. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara na ibada. Yeye, aliyeweza kuiona New York kutoka Mtoni, hakuiona mikarafuu ikichumwa na mikono huru. Chini ya shinikizo la Waingereza alitia saini mwaka 1845 mkataba wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni, lakini mashambani utumwa ukaendelea. Kadiri mikarafuu ilivyoongezeka, bei ya karafuu nayo ilishuka, maana kila mtu alikuwa amepanda zao lile lile.

Alifariki mwezi wa Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea kutoka Oman. Inasimuliwa kwamba katika safari hiyo alichukua mbao za jeneza lake. Alizikwa Unguja. Wanawe wakagombea urithi, na mwaka 1861 Oman na Zanzibar zikatenganishwa kwa uamuzi wa Waingereza. Mwanawe Majid aliwaza mji mpya upande wa bara na kuanza kuujenga Dar es Salaam, akafariki mwaka 1870 kabla haujakamilika.

Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Ile ya Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash, mwana mwingine wa Said, alilifunga soko la watumwa. Watu waliokuwa mashambani walisubiri hadi mwaka 1897 ndipo sheria ikawapa njia ya kudai uhuru wao.