Hayati Louis Rwagasore na Njama ya Oktoba 1961

Wakazi wa Jabe, Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Bujumbura ambamo Kiswahili ni lugha ya soko na ya baraza, hawahitaji kuelezwa Louis Rwagasore alikuwa nani. Hata hivyo tumeona vema kuyasimulia tena maisha yake kwa ajili ya wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi, kwa kuwa kifo chake ni habari ya ushawishi na njama, mambo ambayo walinzi wa nchi hukutana nayo kazini.

Alizaliwa Gitega mwezi Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, nchini Rwanda, kisha akapelekwa Ubelgiji. Aliporejea mwaka 1956 hakujifungia katika fahari ya ukoo wake. Mwaka uliofuata alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na nguzo yake ilikuwa Waswahili wa Buyenzi. Utawala wa Kibelgiji uliiona hatari hiyo mapema: mwana wa mfalme aliyeketi na wachuuzi wa mjini alikuwa amepata jeshi lisilovaa sare. Chama cha UPRONA kilipopata nguvu, ikapitishwa amri ya kuwazuia jamaa wa Mwami wasishiriki siasa, na mwishoni mwa 1960 Rwagasore akawekwa kizuizini. Wakati huohuo ukafanyika uchaguzi wa wilaya ndogondogo, na wapinzani wake wakashinda. Ushindi wa namna hiyo, twadhani, haukuwa wa kujivunia.

Tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, wananchi walipiga kura tena. UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Rwagasore aliwataka wafuasi wake watulie, wasilipize kisasi, na mwishoni mwa mwezi akawa Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Hapa ndipo tunapoukumbuka mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, naye Nyerere ndiye aliyekuwa rafiki na msaidizi wa Rwagasore. Katika mchezo ule Kasio hamwamrisha Bruto lolote. Humsifu, humtia shaka, humtupia barua za kughushi dirishani, hata Bruto akasadiki kwamba kuua ni wajibu wake kwa taifa. Njama huanza kwa maneno, na panga huja baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati ule. Viongozi wa chama cha PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walikuwa wana wa Chifu Baranyanka, wa tawi la Batare lililoshindana tangu zamani na tawi la Bezi la Mwambutsa. Kushindwa kura kulifufua uhasama wa vizazi. Mfanyabiashara Mgiriki, Michel Iatrou, aliingizwa katika shauri hilo, na kwake alifanya kazi kijana Mgiriki aliyeitwa Kageorgis. Kijana huyu hakuwa na ugomvi wake mwenyewe na Waziri Mkuu. Wenye chuki walikuwa wengine, naye akapewa kazi ya kufyatua bunduki. Askari yeyote aliyewahi kupeleleza kesi ya mauaji atautambua mpango huu: mwenye sababu hukaa mbali na silaha, na mwenye silaha hana sababu.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore alikuwa akila chakula katika mkahawa wa hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Yeye alikuwa mwangani, muuaji gizani. Risasi ilikuwa moja tu. Uwaziri wake mkuu ulikuwa umedumu majuma mawili.

Kageorgis alikamatwa baada ya siku chache, na washirika wake wakafuata. Mahakama ya Kibelgiji ilimhukumu kifo, nao wenzake wakaponea kwa vifungo. Alipigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Burundi huru iliifungua kesi upya, na Januari 1963 watu watano, miongoni mwao Ntidendereza, Biroli na Iatrou, wakanyongwa Gitega hadharani.

Roma haikupata amani baada ya Kaizari, na Burundi nayo haikuipata. Mapema mwaka 1962 vijana waliojiita kwa jina la marehemu waliua viongozi wa wafanyakazi Wahutu huko Kamenge, na UPRONA ikagawanyika juu ya nani amrithi. Januari 1965 Waziri Mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, naye akauawa. Mtu aliyewaweka pamoja Mhutu, Mtutsi na Mswahili alikuwa amelala Vugizo, juu ya mji, akilielekea ziwa.

Kabla ya kufa, Kageorgis aliwashtaki wakubwa wa utawala wa Kibelgiji, akiwemo Rezida Régnier, kwamba waliisukuma njama hiyo. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi, na mwaka 2021 mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Régnier hakuwahi kusimamishwa kizimbani.