Leo Kanner, daktari aliyewatazama watoto kwa subira

Kila mwaka, tarehe 2 Aprili, dunia huadhimisha siku ya kuwakumbuka watu wenye usonji. Katika jumuiya zetu wamo wazazi ambao mtoto wao hupanga vifuniko vya chupa kutwa nzima, hupunga mikono mbele ya macho yake, au hulia kwa uchungu njia ya kurudi nyumbani ikibadilishwa. Wengi wao wamesikia minong'ono juu ya laana na malezi mabaya. Kwa ajili yao tumeona vema kusimulia maisha ya Leo Kanner.

Kanner alizaliwa mwaka 1894 katika familia ya Kiyahudi, kijijini Klekotow, ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Alisomea udaktari Berlin, na mwaka 1924 akahamia Marekani. Mwaka 1930 alianzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Mwaka 1938 aliletewa mvulana wa miaka mitano kutoka Mississippi. Baba yake alikuwa ameandika barua ya kurasa 33 kueleza tabia za mwanawe: alizungusha vitu bila kuchoka, alirudia maneno yaleyale, na alighadhibika utaratibu wake ulipovunjwa. Kanner hakuharakisha kutoa hukumu. Alitazama, akaandika, akangoja. Mwaka 1943 alichapisha habari za watoto 11, akionyesha mambo mawili yaliyowaunganisha: kujitenga na watu, na hamu kubwa ya kutaka kila kitu kibaki kama kilivyo.

Mvulana yule alikuwa amepelekwa mwaka 1942 kuishi na mume na mke wakulima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945, alistaajabia hekima yao. Mtoto alipong'ang'ania kupima vitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alipokusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa kuwazika, naye akaweka alama juu ya kila kaburi. Aliporudia kuhesabu mistari ya mahindi, walimwacha aihesabu huku akilima. Mbele ya macho ya Kanner alilima mistari sita mirefu, akimwongoza farasi kwa ustadi. Wakulima wale hawakuing'oa tabia yake, waliipatia kazi.

Mwaka 1942, daktari mwenzake mashuhuri alipopendekeza kwamba watoto wenye ulemavu mzito wa akili wauawe, Kanner alipinga hadharani. Hata hivyo, naye alikuwa na kosa lake. Ingawa mwaka 1943 aliandika kwamba watoto wale walizaliwa na hali hiyo, baadaye aliwaeleza wazazi wao kuwa watu wasio na joto la upendo. Wengine wakayakuza maneno hayo, na kwa miaka mingi akina mama wakabebeshwa lawama isiyo yao. Mwaka 1969, akiwa mzee, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kutamka kwamba hawana hatia. Alifariki mwaka 1981.

Nasi tunajifunza nini? Leo wataalamu, kabla ya kujaribu kubadilisha tabia inayojirudia, huuliza kwanza inamsaidia nini mtoto: inamtuliza, inamkinga na kelele, au inaeleza hofu asiyoweza kuitamka? Ikimwumiza, kama kujigonga kichwa, tutafute msaada wa wahudumu wa afya mapema. Isipomdhuru, fimbo haina kazi hapo. Na mtoto akipunga mikono au kupiga kelele wakati wa Misa, tusigeuze shingo kumkodolea macho mama yake. Tumsogelee, tumpe nafasi kwenye benchi letu. Mzazi huyo hana hatia, na mtoto wake yuko nyumbani kwa Baba yake.