Nam June Paik: Aliyemketisha Buddha mbele ya TV

Sanamu ya Buddha imekaa kimya, inatazama televisheni. Kwenye skrini kuna nani? Buddha huyohuyo, anarushwa mubashara na kamera inayomwelekea.

Kazi hiyo, TV Buddha ya mwaka 1974, ni ya Nam June Paik, anayeitwa baba wa sanaa ya video.

Alizaliwa Seoul mwaka 1932, kwenye familia yenye pesa. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, familia ikakimbia na kuishia Japani. Alisoma Tokyo, kisha akaenda Ujerumani Magharibi kutafuta muziki mpya.

Mwaka 1963, mjini Wuppertal, alionyesha TV alizozichokonoa hadi picha zikapinda. Enzi hizo TV ilikuwa ya kutazama tu. Paik alitaka mtazamaji naye aichezee.

Mwaka 1988, Seoul ikiandaa Olimpiki, aliijengea nchi aliyoikimbia mnara wa TV 1,003.

Kiharusi kilimpiga mwaka 1996, lakini hakuacha kazi. Alifariki Miami Januari 29, 2006, akiwa na miaka 73.

Buddha wake je, anatafakari au amenaswa na sura yake mwenyewe? Kabla ya kujibu, fungua kamera ya mbele ya simu yako.