Tracy Putnam: Aliyetafuta dawa ya kifafa isiyoleta usingizi

Na Mwandishi Wetu

HADI miaka ya 1930, mgonjwa wa kifafa alikuwa na njia mbili: avumilie degedege, au ameze bromidi au fenobabito, dawa zilizopunguza degedege huku zikimwacha akisinzia. Aliyekataa kuridhika na hali hiyo ni Dk. Tracy Putnam, bingwa wa magonjwa ya ubongo aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1894.

Putnam aliamini kuwa dawa inaweza kuzuia degedege bila kumlaza mgonjwa. Katika hospitali ya jiji hilo, aliwapa paka dawa mbalimbali, kisha akapima kiasi cha umeme kilichohitajika kuwatia degedege. Kampuni ya Parke-Davis ilimpatia kemikali kadhaa, ikiwamo fenitoini, iliyotengenezwa na Mjerumani Heinrich Biltz mwaka 1908. Haikuwa imefaa kama dawa ya usingizi, na hiyo ndiyo sifa aliyoitafuta. Mwaka 1938, yeye na Dk. Houston Merritt walitangaza matokeo mazuri kwa wagonjwa.

Mwaka 1939 alikabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Neva ya New York, akajiuzulu mwaka 1947. Baadaye alieleza kuwa alishinikizwa kuwaondoa madaktari Wayahudi. Mwaka uliofuata nafasi hiyo ilishikwa na Merritt. Putnam alihamia California, jina lake likafifia, akafariki dunia mwaka 1975.

Dawa yake haikufifia. Utafiti uliotangazwa mwaka 1990 ulionyesha kuwa, kwa majeruhi wa kichwa, fenitoini huzuia degedege katika wiki ya kwanza, lakini si baada ya hapo.

Hata hivyo, dawa hiyo inahitaji uangalizi. Ini likishazidiwa, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango chake ghafla. Aidha, takriban asilimia 90 hushikamana na albumini, protini ya damu. Ni sehemu iliyo huru tu inayofanya kazi katika ubongo. Kwa mgonjwa mahututi albumini hushuka, hivyo kipimo cha jumla huweza kuonekana cha kawaida ilhali sehemu huru imezidi. Mgonjwa akizidi kupoteza fahamu, madaktari huweza kudhani jeraha ndilo linalozidi.

Ndiyo maana wataalamu hushauri ipimwe sehemu huru, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuwa miligramu 1 hadi 2 kwa lita. Bila kipimo hicho, dawa iliyotafutwa ili wagonjwa wasisinzie inaweza kuwazimisha fahamu.