Boyd Orr: Aliyepima pumzi za askari na chakula cha Mkenya

Mzee yeyote wa Kaaga, pembezoni mwa mji wa Meru, anakijua chakula cha kale cha wakulima wa Mlima Kenya: nafaka, kunde, ndizi, viazi. Chakula cha namna hiyo, kilipokuwa kwenye vyungu vya majirani zao Wakikuyu, kiliwahi kuhukumiwa na mwanasayansi aliyekuja kuwa mashuhuri duniani kote.

John Boyd Orr alizaliwa Kilmaurs, Uskoti, mwaka 1880. Akiwa kijana alifundisha watoto maskini wa Glasgow, akaona kwamba mwana mwenye njaa hafundishiki. Alirudi chuoni kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1912, na mwaka 1914 akaenda Aberdeen kuanzisha kazi iliyozaa Taasisi ya Rowett ya utafiti wa lishe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimpa medali za ushujaa, na pia kazi ya ajabu. Akishirikiana na mwalimu wake, Cathcart, alichunguza nguvu zinazotumiwa na kuruta katika mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1919. Msingi wa vipimo hivyo ni rahisi. Mwili huchoma chakula kwa oksijeni, hivyo ukikusanya hewa anayotoa mtu na kuipima, utajua amechoma kiasi gani. Kila lita moja ya oksijeni inayotumika ni kama kilokalori 5. Mwanariadha wa leo anayevishwa barakoa iliyounganishwa na kompyuta, au mnene anayetaka kujua mwili wake unatumia kiasi gani akipumzika, anapimwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Kisha ikaja zamu ya Kenya. Katika miaka ya 1920, idara ya tiba ya serikali ya kikoloni, chini ya Dkt. Gilks, iliwapima maelfu ya Wakikuyu na Wamaasai. Ripoti ya Orr na Gilks ilitoka mwaka 1931. Mwanamume wa Kimaasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi Mkikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, yaani karibu kilo 10 na nusu. Ripoti ililaumu zaidi aina ya chakula, hasa upungufu wa madini ya chokaa. Ardhi iliyonyakuliwa, kodi ya kibanda, wanaume waliopelekwa kufanya kibarua mashambani mwa walowezi: hayo hayakupewa uzito. Wanahistoria wa baadaye waliikosoa vikali, na kwa maoni ya mwandishi huyu, walistahili kufanya hivyo.

La kushangaza ni kwamba miaka 5 baadaye, mtu huyo huyo aliliona jambo hilo kwao. Kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu chakula, afya na kipato kilionyesha kwamba Waingereza maskini zaidi hawakula vibaya kwa ujinga, bali mifuko yao ilikuwa mitupu. Serikali ya Uingereza haikufurahi.

Mwaka 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Alipendekeza bodi ya dunia ya kuhifadhi na kugawa chakula. Uingereza na Marekani zikaikataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nobeli ya Amani. Alifariki dunia Juni 1971, akiwa na miaka 90.