Mlinzi wa Daftari la Majina

Kila niandikapo anwani ya kompyuta iishiayo na .ke, humkumbuka hayati Jon Postel, Mmarekani wa ndevu ndefu na makubadhi, aliyezaliwa California mwaka 1943.

Mwaka 1969 alikuwa mwanafunzi wa UCLA, mtandao wa ARPANET ulipoanza. Yeye na wenzake waliandika makubaliano yao katika nyaraka zilizoitwa RFC, naye akawa mhariri wake hata kufa. Sisi watunga mashairi jambo hili twalijua: pasipo vina na mizani, malenga wawili hawajibizani. Mwaka 1981 alihariri kanuni za IP na TCP. Ya kwanza hupeleka vifurushi vya habari penye anwani. Ya pili huvipanga, na kilichopotea hutumwa tena.

Daftari la majina na namba lilikuwa mkononi mwake. Nani basi astahili kuitwa nchi? Hapa ndipo nimpendapo: aliukataa uhakimu huo, akaifuata orodha ya ISO. Visiwa vidogo vikapata herufi mbili sawa na madola. Yetu iliandikishwa 1993.

Januari 1998 aliwaomba wenye mashine 8 za msingi waifuate yake, nao wakamtii. Serikali ya Marekani ikahamaki. Akarudisha mambo yalivyokuwa, akidai lilikuwa jaribio tu. Mimi sisadiki, wala simlaumu.

Oktoba 16 mwaka huo alifariki baada ya kupasuliwa moyo, umri miaka 55. ICANN, shirika lililoundwa kulipokea daftari, lilikuwa halijatimiza mwezi.