Nyandika Maiyoro, Mkimbiaji wa Miguu Peku Aliyewafungulia Wengine Njia

Mwezi uliopita safari ya kikazi ilinipeleka Homa Bay, kisha Migori. Jioni moja pale Migori niliwakuta vijana wa sekondari wakifanya mazoezi ya mbio kando ya barabara. Nikawauliza kama wanamjua Nyandika Maiyoro. Wakatazamana tu.

Sikuwalaumu. Maiyoro alikuwa Mgusii wa Kisii, na alifariki mwaka 2019. Lakini enzi zake Kisii, Homa Bay na Migori zilikuwa wilaya moja, kwa hivyo ni mzee wao pia.

Mwaka 1953 alikwenda Antananarivo, Madagascar. Mbio za mita 3000 zilianza yeye hajawa tayari, wenzake wakatangulia mbali. Akawafukuza mmoja mmoja, akawapita wote, akashinda. Mwaka uliofuata alikimbia London miguu peku, wakati wazungu wengi wakiamini Mwafrika hana pumzi ya mbio ndefu. Alitoka wa tatu, nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, ambao siku hiyo walivunja rekodi ya dunia ya maili tatu.

Kutoka hapo akaenda Vancouver, Kenya ikishiriki michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mara ya kwanza, akawa wa nne. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ya kwanza kwa Kenya, alikuwa wa saba mbio za mita 5000. Roma, mwaka 1960, alikuwa wa sita kwa dakika 13 na sekunde 52.8.

Ukihesabu vizuri, ndugu msomaji, utaona hakuna nishani hata moja ya Olimpiki wala ya Madola. Lakini tazama waliomfuata. Mwenzake wa kikosi cha Roma, Seraphino Antao wetu wa Mombasa, alinyakua dhahabu mbili mjini Perth mwaka 1962. Naye Naftali Temu, Mgusii kama yeye, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, katika mita 10000.

Tumezoea kwamba kocha ni yule mwenye filimbi shingoni na saa mkononi. Maiyoro aliwafundisha waliokuja nyuma yake kwa kutangulia. Aliwaonyesha kwamba mlango upo na unafunguka.

Nayaandika haya kwa sababu nyumbani nina kijana wa kidato cha tatu. Alitoka wa nne katika mashindano ya shule, akatundika viatu vyake msumarini na kuapa kwamba hakimbii tena. Niliporudi nilimkalisha barazani nikamsimulia habari za mzee huyu. Hakunijibu neno.

Jumamosi alfajiri, nikitoka msikitini, niliona msumari hauna viatu.